Barua ya wazi kwa mnaosimamia filamu: kijana wetu hajapona na hatutamponya

Kwenu waheshimiwa mnaotoa vibali vya kushuti, mnaohakiki filamu na kupanga madaraja, mnaogawa mikopo ya sanaa, na nyie mnaokaa kwenye maofisi ya runinga mkiamua ipi inunuliwe na ipi irudi kwa mwenyewe. Mlionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Mimi natengeneza filamu ndogo hapa Dar, upande wa Temeke. Kampuni sina, nina kamera ya kuazima na watu sita wanaonivumilia. Mwaka jana tulimaliza filamu ya dakika 71 kwa shilingi milioni 4 na laki 6, yaani hela ambayo kwenye harusi ya mjini inaishia ukumbini na kwenye mapambo, na hiyo hela yenyewe nusu ni akiba yangu, robo ni mkopo wa kikoba aliouchukua dada yangu na mpaka leo tunaulipa kila jumamosi, iliyobaki ni michango ya watu. Filamu inamhusu kijana wa miaka 16 mwenye ulemavu wa akili, kamaliza la saba hajui kusoma, anasukuma mkokoteni soko la Tandika, na kuna vijana wakubwa wameshagundua kwamba huyu ukimnunulia soda na ukamwita mwanangu basi anakubebea chochote bila kuuliza. Siku moja anakutwa na mzigo wa wizi, waliompa wameshakimbia, watu wanamzunguka wanapiga kelele mwizi mwizi na yeye hawezi kujieleza. Ndo filamu yetu hiyo.

Anayeigiza ni kijana ambaye na yeye yuko hivyo hivyo. Jina lake silitaji, mama yake kaniomba, kwenye barua hii nitamuita Dogo kama tulivyokuwa tunamuita lokesheni.

Sasa kilichofanya niandike. Tuliipeleka filamu kwa wanunuzi, na mmoja wao, runinga siitaji na yeye simtaji, alituita ofisini tukaenda tumevaa vizuri kabisa. Akatuambia ameiangalia yote, picha safi, sauti safi, huyu kijana anaigiza balaa, nikaanza kupiga hesabu ya deni la dada kichwani. Alafu akasema tatizo ni mwisho. Mwisho wa filamu yetu ni hivi, mama anakaa na mwanae nje ya mlango jioni, anamfundisha kukariri namba yake ya simu ili siku nyingine akizungukwa na watu aweze kusema mpigieni mama. Namba ina tarakimu kumi. Kijana anataja tisa. Ya kumi inamkataa. Anaanza upya, anafika ya tisa, anatulia, mama anamwangalia, picha inazima. Yule mheshimiwa akasema watazamaji wetu hawataelewa, kwanini asipone? Akatupa na njia kabisa, mama ampeleke kwenye maombezi afunguliwe, au aende kwa babu kijijini ikajulikane alirogwa na shangazi, au apate mfadhili akasome nje arudi ni mwanasheria. Nikamwambia mzee wangu, ulemavu wa akili haufunguliwi. Akasema basi angalau aitaje namba yote.

Angalau aitaje namba yote. Hiyo sentensi nimelala nayo na kuamka nayo.

Na kabla hatujaondoka akaongeza kwamba huyu kijana wamemuona ana kipaji cha kuchekesha, kama vipi wamuweke kwenye vichekesho vyao, kazi yake iwe kutokea tu na kuanguka. Nilisema hapana bila kumuuliza hata Dogo mwenyewe, na hilo mpaka leo linanisumbua maana kazi ilikuwa yake na hela ingekuwa yake, ila nilishaona macho ya mama yake.

Waheshimiwa, najua wengi wenu mnaipenda hii tasnia, mmekuwa nayo tangu enzi za kaseti na baadae sidii za part 1 na part 2 zikitoka Kariakoo, na mnajua kabisa mtu mwenye ulemavu wa akili kwetu anaigizwaje. Suruali imepandishwa mpaka kifuani, mdomo wazi, mate, miguu imepinda, anaongea puani, anapigwa makofi ya kichwa watu wanacheka. Kwenye skripti anaandikwa "zezeta" au "taahira" na wala hapewi jina, wakati hata mlinzi wa geti anayetokea mara moja anapewa. Na akiwa siyo wa kuchekesha basi ni adhabu, mama yake alitoa mimba zamani, au baba alichukua utajiri wa masharti na mtoto ndo malipo. Na kwenye ile ya tatu ndo anapona dakika ya mwisho, analia, anaongea Kiswahili sanifu ghafla, jina linapita kwenye skrini. Hizo ndo nafasi tatu tulizowapa. Nimekaa nikijaribu kukumbuka ya nne nimeshindwa.

Mtasema ni filamu tu. Njooni mtaani kwetu basi. Watoto wa darasa la tatu wanamfuata Dogo nyuma wanatembea kama yule wa kwenye vichekesho, na Dogo hatembei vile, hajawahi kutembea vile maisha yake yote, anatembea kama mimi na wewe. Wamefundishwa na runinga namna ya kumuona.

Na hili la kupona ndo baya zaidi kwa maoni yangu, kuliko hata kucheka. Mama yake Dogo aliniambia kitu siku ya kwanza nimeenda kumuomba ruhusa. Alisema nimechoka kuulizwa bado hajapona tu? Kazunguka mwanamke yule, hospitali, kwa waganga, kwenye mikutano ya maombezi, cherehani yake aliiuza ikawa nauli ya kwenda mkoani, na kila akirudi na mtoto yuko vilevile anaambiwa imani yako ndogo. Sasa wewe unaonesha kwenye filamu mama kaomba siku tatu na mtoto akafunguliwa, hebu jiulize huyu aliyeomba miaka kumi na saba unamwambiaje usiku ule akiwa amekaa anaangalia na mwanae pembeni. Unamwambia kosa ni lako. Mimi ni mtu wa dini na siongei kwa dharau, naomba nieleweke.

Madaktari wanaeleza vizuri tu haya mambo yanatoka wapi. Kuna mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, uchungu ulikaa sana au alichelewa kulia. Kuna malaria iliyopanda kichwani, kuna homa ya uti wa mgongo, kuna mama aliyekosa madini joto wakati wa ujauzito na ndo maana tunaambiwa tununue ile chumvi yenye madini joto, kuna wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, na kuna wengi tu ambao sababu haijulikani na haitajulikana. Ubongo ulioumia hivyo haurudi kama malaria inavyotoka kwa dawa. Ila mtu anajifunza, pole pole, kwa kurudia, maisha yake yote, Dogo mwaka juzi alikuwa hawezi kurudisha chenji na saivi anaweza mpaka elfu mbili. Elfu mbili! Hiyo kwetu ni habari ya kupiga simu kwa ndugu, na hakuna filamu hata moja inayojua kwamba hiyo ni habari.

Niwaambie kidogo tulivyoshuti, maana nadhani wengi mnaamini haiwezekani kufanya kazi na mtu kama huyu na ndo maana mnachukua mchekeshaji mnamwambia apinde mdomo.

Siku mbili za mwanzo tulifeli kabisa na kosa lilikuwa langu. Nilimpa mistari yake kupitia kwa dada yake, amsomee jioni akariri, akaja lokesheni kaganda, anaangalia chini, anasema ndiyo kwa kila kitu. Hii "ndiyo" yake ndo ilinifundisha. Ukimuuliza umeelewa anasema ndiyo, ukimuuliza umechoka ndiyo, hujachoka ndiyo. Dada yake akaniita pembeni akasema kaka, ndiyo yake siyo jibu, ni namna ya kukuomba umuache. Miaka yote ya shule alikuwa anajibu hivyo ili mwalimu apite aende kwa mwingine. Nilitupa skripti. Siyo yote, zile sehemu zake. Tukaanza kumrekodia maneno kwenye simu kwa sauti ya dada yake, sentensi moja moja, anasikiliza akiwa anasukuma mkokoteni wake kama kawaida, na tukashuti kwa mpangilio wa hadithi yenyewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wakati kila mtu anajua filamu ya bei rahisi inashutiwa kwa lokesheni, unamaliza nyumba yote ndo unahamia sokoni. Kushuti kwa mpangilio kulitugharimu siku nne zaidi, na siku nne kwa bajeti yetu ni chakula cha watu, nauli za bodaboda na jenereta, ndo pale dada yangu alipoenda kikoba.

Shati moja, siku zote. Saa nane mchana tunamaliza hata kama jua zuri. Teki tatu, hazizidi, maana ya nne anadhani amekosea na anaanza kuomba samahani. Jenereta tulilisogeza mbali mpaka tukanunua waya wa kuongezea, mlio wake ulikuwa unamvuruga. Na anayemwambia nini cha kufanya ni mtu mmoja tu, mimi, watu wa taa na wa maiki wakitaka asogee wananiambia mimi nimwambie, maana watu watano wakimwelekeza kwa pamoja anakimbilia nyumbani, na alishakimbia mara moja tukamkuta yuko kwa bibi mmoja jirani anachota maji. Baada ya hayo kila kitu kilibadilika, yaani alianza kunipa vitu ambavyo mwigizaji wa kulipwa hawezi. Kuna sini amepewa soda na wale vijana wakubwa, haikuandikwa, yeye mwenyewe aliikunywa nusu akaifunga vizuri akaiweka mfukoni. Nikamuuliza vipi akasema ya mama. Ipo kwenye filamu, hatujaikata.

Sini ya kuzungukwa na watu hatukuishuti nae. Hili naomba mlisikilize vizuri nyie wa vibali. Tulikuwa tumepanga vijana kama thelathini wa mtaani, tumewaeleza ni maigizo, Dogo tumemweleza mara nyingi, dada yake kamweleza, kasema ndiyo. Tukafanya mazoezi bila kamera, mtu mmoja tu akasema "mwizi" kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikaona mikono yake inatetemeka. Alishawahi kuitiwa lile neno, kumbe, dukani, kwasababu alichukua biskuti akasahau kulipa. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Na mnajua mji huu mtu akiitiwa neno hilo mchana kweupe kinafuata nini, mawe, matairi, hamna anayesubiri polisi. Tukasimamisha kazi siku ile. Watu thelathini tuliwashuti peke yao wakipiga kelele kuiangalia kamera, na Dogo tulimshuti siku tatu baadae uani kwao, amekaa chini kajikunyata na dada yake pembeni nje ya picha anamuimbia. Kwenye kuediti ukiunganisha huoni tofauti. Nasema haya sababu najua kuna wanaoamini ukweli wa filamu unatokana na kumtisha mtu kweli kweli, na kwa mtoto kama huyu hamna atakayejua, hatashtaki, hatasimulia.

Dogo alikuwa na miaka 17. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi, chini ya 18 ni mtoto, kazi nyepesi anaweza kufanya kuanzia miaka 14, na usiku hafanyi kazi, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa na sini mbili za usiku. Tulizishuti mchana tumeziba madirisha na mashuka meusi ya kuazima msibani na taa moja ya rangi ya bluu. Sijisifu, ni kwamba inawezekana kwa shuka la kuazima. Lakini katika kuhangaika kwetu kote hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza huyo mtoto analala saa ngapi, nani yuko nae, nani kasaini, na kama aliyesaini ndo huyo huyo anayechukua hela yake.

Ruhusa nayo ina mambo yake. Mama alisaini karatasi, sawa, lakini mwenye sura ni Dogo. Kwahiyo kila asubuhi tulikuwa tunamuonesha kwenye simu vipande vya jana na kumuuliza hii watu waione au tufute? Kuna kimoja alisema futa, alikuwa anaoga uani kwa kata, picha nzuri mno, jua la asubuhi linapita kwenye maji, nilimuuliza mara mbili akasema futa, nikafuta. Mpiga picha wangu hakuongea na mimi mpaka mchana.

Na malipo. Mama alitaka zote zije kwake, Dogo alitaka ashike noti mkononi kama wenzie. Tukakubaliana kila siku anapewa elfu tano mkononi mbele ya kila mtu, nyingine zinaenda kwa mama kuwekwa. Ile elfu tano alikuwa anaipeleka kwa mama ntilie anaagiza wali maharage anakaa kwenye benchi kama mtu mzima. Wa kwanza kumuita "kaka" mtaani alikuwa yule mama ntilie.

Nirudi kwenye shule kidogo, maana filamu imeanzia huko kwa kweli. Dogo alikaa miaka saba darasani. Mama yake alinionesha madaftari, jamani, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, kila kilichoandikwa ubaoni kipo, mistari imenyooka, tarehe imepigiwa mstari, tiki za mwalimu zimejaa. Ukimuonesha neno moja humo ukamuuliza hili ni nini, hajui. Alikuwa anachora. Miaka saba mtoto anachora herufi na hakuna aliyegundua, au waligundua, darasa lina watoto mia na kitu mwalimu mmoja afanyeje? Kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili kilikuwepo shule nyingine, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mama alikuwa anauza maandazi asubuhi, nani atampeleka. Ada ya shule za msingi ilifutwa zamani, na tangu 2016 ya sekondari mpaka kidato cha nne nayo imefutwa na watoto wamejaa madarasani, jambo la kheri kubwa, lakini kuingia darasani ni kitu kimoja na kufundishwa ni kingine, na walimu wa elimu maalumu wanaotoka kule chuo cha ualimu cha Patandi hawatoshi nchi nzima, yeyote mwenye mtoto kitengo anajua. Kwahiyo mtu akiniambia filamu yangu haina tatizo linalotatuliwa, tatizo lipo tele, liko kwenye lile daftari. Nilitumia dakika nzima ya filamu kuonesha kurasa zake zikifunuliwa bila muziki. Mheshimiwa wa runinga alisema hiyo dakika nayo ikatwe, inachosha.

Sasa ninachoomba. Nyie wa vibali na madaraja, kazi yenu ipo kisheria tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, mnaangalia matusi, mnaangalia nguo, mnaangalia damu. Angalieni na hili. Filamu ikiwa na mtu mwenye ulemavu wa akili, mwenye kuitengeneza aulizwe tu maswali, nani kaigiza, na kama siyo mwenyewe basi umejifunza kwa nani, na kama ni mwenyewe nani alikuwa nae lokesheni na mlimuulizaje ruhusa. Siombi mfungie vichekesho, mimi napenda vichekesho. Naomba mtu anayepigwa kofi la kichwa kwasababu hana akili ahesabiwe kama mnavyohesabu matusi mnapopanga daraja. Nchi yetu iliridhia ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Ibara ya 8 inaongelea kabisa vyombo vya habari viwaoneshe hawa watu kwa namna inayoendana na utu wao, Ibara ya 30 inasema wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria yetu wenyewe ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mambo yote yameshaandikwa, yamekaa kwenye makabati.

Nyie wa mikopo, nawaomba kwa heshima mtenge kidogo ambacho siyo mkopo. Mkopo ni lazima urudi, na mtu mwenye deni atamponya kijana, nawaambia ukweli, hata mimi usiku ule baada ya kutoka ofisini kwa yule mheshimiwa nilifungua kompyuta nikatafuta kama nina sauti ya Dogo akitaja ile tarakimu ya kumi mahali popote nikaibandike. Nilitafuta mpaka saa tisa usiku. Ipo, aliitaja siku moja tukiwa tunakula, yenyewe peke yake, akiwa anahesabu vipande vya muhogo. Ningeweza. Dakika tano za kazi na deni la kikoba limeisha. Niliifunga kompyuta nikaenda kulala, ila sitaki kujifanya shujaa, wiki ile dada yangu angenililia kidogo tu ningeibandika. Hela ndogo ya ruzuku, hata hiyo milioni 4 na laki 6, kwa filamu chache kwa mwaka ambazo haziwezi kuuzwa kirahisi, ingetosha mtu asikae kwenye kompyuta usiku anatafuta namna ya kudanganya.

Na nyie wa runinga. Mnasema watazamaji hawataelewa. Tuliionesha uani kwa akina Dogo, shuka jeupe, projekta ya kukodi, viti vya msibani, watu kama themanini, wengine wamesimama ukutani. Ilipofika ile namba, kwenye tarakimu ya tano kuna watoto walianza kuhesabu nae kwa sauti, wale wale wanaomfuata nyuma barabarani. Sita. Saba. Alipokwama ya tisa uani pakawa kimya kabisa, hata vifaranga nilivisikia. Hakuna aliyecheka. Akaanza upya kwenye picha na watoto wakaanza upya nae. Picha ilipozima mmoja akapiga kelele ile tarakimu ya mwisho, alikuwa ameishika, namba ya mama Dogo mtaa mzima unaijua saivi. Wameelewa au hawajaelewa?

Baadae viti vinakusanywa alinifuata mama mmoja, simjui, alitoka mtaa wa pili na ana binti wa miaka 14 yuko kama Dogo. Hakuniambia filamu nzuri. Aliniuliza, na mimi nikifa wangu atataja namba ya nani? Sikuwa na jibu na kwenye filamu halimo. Nadhani ndo filamu inayofuata, kama kuna inayofuata, na huyo binti hali yake ni ya hatari kuliko ya Dogo, nyie watu wazima mnaelewa kwanini mama yake hamuachi dukani peke yake hata dakika tano.

Filamu iko tayari, na mwisho wake ni ule ule. Mkitaka kuiona kabla ya kuijadili nitaileta kwenye flashi, popote, saa yoyote. Mkituita kikaoni tutakuja mimi, dada yake na Dogo mwenyewe, na naomba akiwepo muongee nae yeye moja kwa moja na siyo kuniuliza mimi eti anaelewa. Ongeeni taratibu, swali moja moja, na akisema ndiyo mumuulize tena kwa namna nyingine. Ila kikao kisiwe jumatano. Jumatano anamchotea maji yule bibi jirani, ndoo kumi, na hajawahi kuikosa.